Macho ya Bamia Dirishani kwa Mkunga

Shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, mtaani wanamwita Bi Risasi, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hushika mkoba wake vizuri. Hana bunduki. Ana kalamu ya risasi, ambayo tangu nimjue hukaa imechomekwa kwenye nywele, juu ya sikio la kulia, na mara nyingi huitafuta nyumba nzima, chini ya meza, nyuma ya ndoo, hali iko kichwani inamcheka. Kazi yake ni kuchora maua ya vitambaa. Nikisema maua nina maana ya kila kinachokaa juu ya pazia, shuka, foronya na kitambaa cha meza: ua lenyewe, jani, duara, mistari, visanduku, ndege wasioruka. Sisi tunaovitumia tunasema tu "pazia zuri" halafu tunalala. Hatujiulizi ni nani aliyekaa chini akaamua jani lielekee huku na si kule.

Mimi ni fundi wa makochi. Miguu bado inanibeba, kwa hiyo nazunguka na mkoba wangu wa nyundo, misumari midogo na sindano iliyopinda, napiga hodi, naulizia kama kuna kochi linalotoa springi nje. Kazi hii hukuingiza ndani kabisa ya nyumba za watu, mpaka pale ambapo mgeni wa kawaida hafiki, na huko ndiko nilikoujua ukubwa wa shemeji yangu. Kwa mwalimu, maua yake yako kwenye viti. Kwa muuza saruji, yako madirishani, yanashuka mpaka sakafuni. Nimekuta mto wenye mawimbi yake chini ya kichwa cha mgonjwa, na nimekuta shuka lake la vishada limetundikwa mahali pa mlango. Nikiwaambia, "Haya kachora shemeji yangu," hunitazama kama mtu anayetafuta kuongezewa chai. Mmoja alikwenda akageuza pazia, akashika ule ukingo mwembamba usio na maua, ambako huchapwa jina la mwenye kiwanda, akanisomea kwa sauti.

"Shemeji yako ndiye huyu?"

"Hapana."

"Basi," akasema, na chai haikuongezwa.

Ukingo huo ndio uliotuletea kizaazaa chote ninachotaka kukusimulia. Shemeji amechorea kiwanda kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na jina lake halijakaa hapo hata mara moja. Bosi wa kwanza alikufa, akashika mwanawe, ambaye shemeji anamjua tangu akitambaa chini ya meza za kuchapia, akilamba rangi. Labda ndiyo maana yuko vile. Sasa huyu Bosi kijana, siku moja, mbele ya wanawake wote wa kiwandani, akamwambia, "Mama, nipe ua ambalo halijawahi kuonekana kwenye dirisha lolote. Ukinipa, ukingoni nitachapa jina lako. Lako wewe, si letu." Wanawake wakapiga vigelegele. Bosi akainua kidole. "Lakini likionekana popote kabla halijafika dukani, ua limekufa, na jina limekufa nalo."

Shemeji alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyebeba mayai kichwani.

Nyumbani pale anaishi na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, huja kama mgeni. Huyu mkamwana tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kukaa nawe asubuhi nzima asiseme neno, na akisema, utatamani angenyamaza. Shemeji alikuwa akimfundisha kazi, nyumbani na siku nyingine kiwandani. Yeye anachora, Kimya anajaza rangi. Alimfundisha hata ile hila yao ya kukata karatasi vipande vinne na kuvibadilisha nafasi, kona za nje zikawa katikati, ili waone kama ua likijirudia litaungana na mwenzake au litaachana njiani.

Ua lenyewe lilitoka jikoni. Kimya alikuwa anakata bamia, vile viduara vinaanguka kwenye sinia, kila kimoja na pembe zake tano na mbegu ndani yake, vinatazama juu. Shemeji alikuwa anapita na maji. Akasimama. "Usikate tena," akasema. "Acha hivyo hivyo." Akatafuta kalamu. Mimi nikamwonyesha kichwa chake.

Lilipokamilika lilikuwa ua la ajabu. Ukilitazama kwa haraka ni bamia. Ukikaa nalo, ni macho, mamia ya macho, mengine yamefunguka, mengine yanasinzia, mengine yanakutazama kwa pembeni kama jirani nyuma ya uzio. Wanawake wa kiwandani, ambao hulibandika kila ua jina la utani, waliliita Wanatuchungulia.

Siku ya kulijaribu nilikuwepo, nimepeleka miwani yake aliyoisahau. Kiwanda chenyewe ni ukumbi mrefu wenye meza ndefu. Wanatandika kitambaa cheupe juu ya meza, wanaweka fremu yenye wavu, mwanamke mmoja huku na mwingine kule, wanasukuma rangi kwa mpira, inapita kwenye wavu, ua linakaa. Rangi nyingine hupenya mpaka chini, kwa hiyo chini ya kitambaa kizuri hutandikwa kitambaa kingine cha zamani, kazi yake kuinywa ile inayopenya. Wanawake wanakiita Mlevi. Mlevi hunywa rangi za kila mtu mpaka ashibe, na akishashiba huanza kuzitapika juu ya kitambaa kizuri. Ndivyo ilivyotokea. Jaribio la kwanza lilitoka na madoa, na shemeji akapandwa na hasira.

"Mtoeni huyu Mlevi!" akasema. "Kashiba. Nitandikieni msafi. Jina langu halichapwi juu ya matapishi."

Wakamvuta Mlevi, wakamtupa pembeni, wakatandika mwingine. Jaribio la pili likatoka safi, macho yanang'aa. Bosi akayakunja mwenyewe yote mawili, la madoa na hili, akayafungia kabatini kwake, ufunguo mfukoni. Karatasi ya mchoro ikarudi nyumbani na shemeji. Ikabaki kusubiri msimu wa mauzo.

Sasa, kabla msimu haujafika, mimi nikaitwa na mkunga wa mtaa wa nyuma. Kochi lake limekaliwa na waume wengi wenye wasiwasi, likabonyea katikati kama ngalawa. Nilifanya kazi, nikaenda uani kunawa mikono, na wakati wa kurudi nikapitia jikoni. Dirishani kulikuwa na pazia. Jua lilikuwa nyuma yake. Na kwenye pazia, macho. Ya bamia. Yananitazama.

Nilisimama pale nimetoa macho na mimi.

"Unatafuta nini jikoni kwangu, fundi?" Mkunga alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Natazama pazia tu, dada. Zuri. Umelipata wapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ni kuuliza tu."

"Mtu haulizi tu. Wewe ni polisi wa mapazia?" Akaja akasimama kati yangu na dirisha. "Kochi langu liko sebuleni. Sijakuita utengeneze jikoni."

Nikarudi kwenye kochi langu. Nikiwa nimeinama na misumari mdomoni, nikasikia hodi ya mlango wa uani, sauti ndogo. Mkunga akamkaribisha mtu, wakanong'ona, mlango wa chumba cha ndani ukafungwa. Nilipomaliza na kutoka, nikamwona mtu huyo mbele yangu akitembea haraka, amekumbatia mfuko. Mgongo ule naujua. Alikuwa Kimya.

Ningekuwa na akili timamu ningeyaacha hapo. Lakini njia nzima yale macho yalinifuata, na nilipofika nikamwambia shemeji yote, pazia na mgongo.

Akaacha kuchambua mchele. "Ulikuwa umevaa miwani?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Shemeji, wewe bila miwani ulimwamkia mbuzi."

"Alikuwa na ndevu. Lakini haya ni macho ya bamia, na lile ni lako."

Nikaona jina linavyomtoka usoni, lile jina lililokuwa halijafika hata ukingoni. Kisha akaanza kuhesabu watu kwa vidole. Mchoro umeonwa na nani? Wanawake wa kiwandani waliona majaribio, lakini yote yako kwenye kabati la Bosi. Karatasi haijatoka nyumba hii. Aliyekaa na karatasi ni yeye mwenyewe, na mwingine. Kidole kikabaki hewani.

"Amevaa ndala mpya," akasema polepole.

"Zile nyekundu?"

"Nilimuuliza kazitoa wapi, akasema sokoni."

"Ndala hutoka sokoni, shemeji."

"Ndiyo. Lakini alivyosema."

Hivyo ndivyo shaka inavyokaribishwa nyumbani. Unaipa kiti, inaanza kukutafsiria kila kitu. Kimya akinyamaza, anaficha. Akiongea, anatuzuga. Akitoka alasiri na mfuko, anapeleka. Akirudi bila mfuko, ameshapeleka. Na mimi pia, sitajitoa, nilikuwa natoka kibarazani kumchungulia anapopinda kona, kisha nakohoa kana kwamba nilitokea kukohoa. Watu wazima wawili, tunajua mtaa mzima watu huenda kwa mkunga kwa sababu gani, na haikutupitia kichwani hata mara moja. Kwetu sisi mkunga alikuwa mnunuzi wa maua ya wizi.

Shemeji akatia kufuli kwenye chumba cha kuchorea, ufunguo akaufunga kwa uzi kiunoni. Akitaka kuingia hugeuka nyuma kwanza, kama anayevuka barabara. Akanyunyiza unga kizingitini apate kuona nyayo, halafu akasahau, akaingia na kutoka, kisha akaniita kwa kunong'ona nije nitazame. "Mguu mpana," akasema. "Kisigino kimepasuka." Nikatazama nyayo, nikatazama miguu yake. Akafuta unga.

Akaona afadhali mtego. Akachora ua la uongo, birika baya lenye mdomo uliopinda, akaliacha makusudi juu ya meza ya sebuleni. Lingeonekana dirishani kwa mtu, mwizi angekuwa amejulikana. Tukatoka nje sote wawili, tukakaa. Tuliporudi, birika lilikuwepo palepale, ila mdomo wake ulikuwa umenyooshwa, na kivuli kizuri kimewekwa chini ya kitako.

"Ameligusa!" akaninong'oneza, kanishika mkono kwa nguvu.

Kimya akatokea jikoni akifuta mikono. "Mama, mdomo wa birika ulikuwa umepinda. Nilidhani umechoka."

"Nani kakwambia uguse vyangu?"

"Jana uliponipa karatasi nijaze, nilikuwa nagusa vya nani?"

Unaona? Nilikuambia, akisema utatamani angenyamaza.

Pengine yangeishia kwenye mabirika, lakini shemeji aliingiwa na hofu kwamba Bosi atalisikia la pazia kutoka kwa mtu mwingine. Akajitanda, akaenda kiwandani, akamwambia mwenyewe: ua limeonekana mahali, na anayeshukiwa ni mkwe wake, lakini amelidhibiti, asimnyang'anye jina. Bosi akaegemea kiti. "Asikanyage hapa tena huyo," akasema. "Na ua tuliweke kwanza. Nikiona limenyamaza, tutachapa, na jina lako litakuwepo. Ila likiibuka, Mama, tusilaumiane."

Shemeji hakumwambia Kimya. Hapo ndipo nilipoona amekosea, na nilimwambia. Akanijibu nikatengeneze makochi.

Siku ya pili yake Kimya alikwenda kiwandani kama kawaida, maana ilikuwa zamu yake ya kujifunza kuchanganya rangi. Mlinzi akamzuia getini. Akamuuliza kwa nini. Mlinzi, mtu asiye na breki mdomoni, akamwambia mbele ya wanawake waliokuwa wakiingia, "Mama mkwe wako kasema wewe ndiye unayetoa maua nje." Wanawake wote wakatazama chini, lakini hakuna aliyepita haraka.

Alirudi nyumbani hakulia. Aliingia chumbani kwake, tukasikia kabati linafunguliwa, begi linaburutwa. Akaja sebuleni, akaliweka begi kati yetu, akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "nimeambiwa na mlinzi. Sasa niambie wewe."

Shemeji alikuwa ameshika mto mapajani, mto wa maua yake mwenyewe, anavuta uzi mmoja uliokuwa umejitokeza. "Kwa mkunga unapeleka nini?"

"Kwa mkunga?"

"Umeonekana. Na mfuko. Si mara moja."

Kimya akanigeukia. "Baba Mkubwa, ni wewe uliyeniona?"

Nikatafuta mahali pa kuweka macho. Nyumba ile siku hiyo niliiona ina macho kila ukuta, sikupata nafasi.

"Kwa mkunga napeleka nini," akarudia Kimya, kama mtoto anayekariri. Ghafla akacheka, na kicheko kikageuka katikati, kikawa kitu kingine. "Napeleka tumbo, Mama. Watu hupeleka nini kwa mkunga? Nilikuwa namsubiri mwanao arudi nimwambie kwanza, wewe wa pili. Mfuko una kanga ya kulalia, maana kitanda chake kina baridi."

Uzi aliokuwa akivuta shemeji uliendelea kutoka, mrefu, mpaka mto ukaanza kufumuka kwenye kona. Akasimama, akaufikia mkono wa Kimya, Kimya akauvuta.

"Hongera, mwanangu," akasema shemeji.

"Hongera za mwizi?"

"Nimekosa." Kisha, kwa kuwa shaka haiondoki kwa kuambiwa kwaheri mara moja, akaongeza taratibu, "Lakini pazia liko. Shemeji kaliona."

Kimya akalitazama begi, akatutazama sisi. "Twende," akasema. "Twende sote. Na mimi nataka kumwona huyo mwizi."

Mkunga alitufungulia mlango nusu. Akamwona Kimya, akamwona shemeji, akaniona mimi nyuma yao, akakunja uso. "Umewaambia?" akamuuliza Kimya.

"Nimeambiwa niwaambie."

"Bibi Mkunga," shemeji akasema, "naomba tu kuona pazia la jikoni kwako."

"Lile pazia lina nini? Huyu mzee karibu aliingie kwa kichwa, leo umekuja wewe!" Lakini mtu aliyezalisha watoto wengi hachelewi kuona mtu mwenye uchungu. Akatupisha.

Shemeji alilikaribia pazia kama mtu anayekwenda kutambua maiti. Akavaa miwani. Akalishika kwa vidole viwili, akalinyanyua kuelekea kwenye mwanga, akalivuta karibu na pua. Akalirudisha. Akalivuta tena.

"Rangi imefifia," akasema. "Haikuchapwa hii. Imepenya." Kidole chake kikaanza kutembea. "Chini ya macho kuna kitu. Haya si mawimbi? Mawimbi yangu ya mwaka ule wa mafuriko. Na hapa, vishada. Hivi vishada nilivichora nikiwa nanyonyesha." Akainama, akafuata mstari mmoja mwekundu uliokuwa ukipotea chini ya bluu. "Na huyu ni ndege, wa kwanza kabisa. Bosi mzee alisema ana miguu ya kuku."

Mimi nami nikasogea. Ni kweli. Ukikaa nalo, pazia lile halikuwa na ua moja. Yalikuwa maua yamelaliana, jipya juu ya la zamani, la zamani juu ya lililosahauliwa, na juu ya yote, yale macho.

"Mlevi," nikasema.

"Mlevi wetu," akasema shemeji.

"Jamani, nani mlevi nyumbani kwangu?" Mkunga akapaza sauti. Tukamweleza. Akatusikiliza akitupima mmoja mmoja, kama anayesubiri tuombe kitu. Hatimaye akatoboa. Mlinzi wa kiwanda huuza matambara getini, yaliyotupwa, kwa watu wa gereji na kwa yeyote mwenye cha kufuta. Mkunga hununua ya kufutia kwenye kazi yake, na hasemi anakonunua, maana bei ni nzuri na hataki msururu. "Hili nililifua, nikalianika," akasema, "nikaona haya kulifutia damu. Nikalitundika. Nina mapazia mengine ya dukani, lakini hili ndilo ninalolitazama nikinywa chai. Kila siku naona kitu ambacho jana hakikuwepo."

Shemeji akaondoa miwani, akaifuta. "Sasa nani alimtoa mezani? Mlevi hukaa mezani miaka na miaka, hatolewi ovyo."

Kimya hakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo. Shemeji akanitazama, na nikaona anasikia sauti yake mwenyewe ukumbini: mtoeni huyu Mlevi, jina langu halichapwi juu ya matapishi. Hakuna aliyehitaji kumjibu. Jaribio la kwanza lilikuwa limeshampa Mlevi macho, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza.

Angeweza kunyamaza. Ua lilikuwa halijaonwa na mtu zaidi yetu, mkunga hana habari na viwanda, na Bosi alishapata mtu wa kumlaumu. Jina lilikuwa bado linangoja ukingoni, kiasi cha kunyoosha mkono tu. Alikaa kwenye kochi nililolitengeneza, na sijui aliwaza nini, ila niliona kalamu imetoka kichwani, anaizungusha vidoleni. Kisha akainuka, akamwambia Kimya, "Vaa ndala zako."

Walikwenda wawili. Mimi niliyasikia kwa wanawake wa kiwandani. Alisimama pale pale ukumbini, meza zote zikasimama, akamwambia Bosi kwamba mkwe wake hakutoa kitu, aliyetoa ni yeye.

"Kwa hiyo mvujishaji ni wewe," Bosi akasema.

"Ni mimi. Nilitaka litoke safi."

"Na uliniambia ni huyu."

"Nilikuambia."

Bosi akajikuna kidevu. Akatuma mtu aulizie mtaani kama kuna pazia jingine, maana na yeye hakumwamini tena. Hakukuwa na jingine. Basi akasema Wanatuchungulia litachapwa, ni zuri mno kulitupa, lakini litachapwa na ukingo wa siku zote. Jina tutaona mbele ya safari. Kimya aruhusiwe kuingia. Kimya akasema ahsante, akageuka akatoka getini, akimpita mlinzi bila kumsalimu.

Sasa lipo madukani. Utaliona. Ukilikuta kwa mtu, geuza ukingo usome jina la kiwanda.

Shemeji alirudi kwa mkunga na kitambaa kipya cha kutosha madirisha mawili, akamwomba wabadilishane na lile pazia. Alikosea. Mkunga akakitazama kitambaa kipya, akalitazama tambara lake la getini, macho yakawa madogo. "Mtu hatoi kipya achukue kikuukuu bila sababu," akasema. "Hili lina kitu." Akalihamishia sebuleni, na dirisha la sebuleni akaliwekea komeo.

"Basi niruhusu nilikunje pindo tu," shemeji akasema. "Limechanika chini. Litaisha."

"Pindo, hapa hapa, mbele yangu. Halitoki mlangoni."

Ndiyo tukakaa sebuleni kwa mkunga, mimi nikiwa nakaza kamba za kiti chake kingine. Kimya alikuja pia, siku yake ya kupimwa, na alikaa mbali kidogo na mama mkwe, siyo mbali sana. Shemeji alipolaza pindo magotini akachomoa kalamu nywelini, na upande wa ndani, pale ambapo kitambaa kingefunikwa na kushonwa, akaandika jina lake na la baba yake, herufi kubwa.

"Unaandika nini kwenye pazia langu?" Mkunga aliinuka.

"Jina langu."

"Ili uje udai?"

"Litashonewa ndani, dada. Nani atalidai asiloliona?"

Mkunga akafikiri. "Mimi watoto wote wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Wote majina ya bibi zao, na bibi wenyewe walikuwa nje wanakunywa chai." Akaketi. "Haya, andika. Lakini nakuona."

Kimya alikuwa akitazama muda wote. Sasa akasema, "Mama, kalamu ya risasi itaondoka na sabuni ya kwanza." Akafungua mfuko wake, akatoa kalamu ya wino wa vitambaa, ile wanayotumia kiwandani kutia alama. Shemeji akanyoosha mkono. Kimya hakumpa. "Kwanza ufunguo wa chumba."

Shemeji akaangalia dari, akaangalia sindano. Kisha akafungua uzi kiunoni, kazi iliyomchukua muda maana fundo alilifunga mwenyewe na alilifunga kwa shaka, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mkwe wake. Akapewa kalamu. Akapita juu ya herufi zake moja moja. Alipomaliza akamrudishia Kimya kalamu, na pindo pamoja nayo.

"Na wewe."

"Mimi nilikata bamia tu," akasema Kimya, akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

Siku hizi anachora. Shemeji akipita nyuma yake, Kimya hufunika karatasi kwa mkono, na shemeji hujifanya anatafuta kitu kingine, kalamu labda. Mtoto anakaribia. Jina lake bado wanalivutania.

Juzi nilipita kwa mkunga kuulizia lile kochi. Nilimkuta amepiga magoti dirishani, anaminya pindo la pazia kwa vidole, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, kama anayetafuta punje ya mchanga.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "shemeji yako alishonea jina tu humu, una hakika?"

"Nina hakika, dada."

"Mh," akasema, akaendelea kuminya.